Ngiri Alivyogombea Kufukuzwa Kazi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa lango!

Na mbele ya lango?

— Foleni!

Na kwenye foleni?

— Kila mtu anataka kazi!

Basi sogeeni. Mwenye kijicho akae mbele, hadithi hii ni yake. Asiye nacho akae nyuma. Haya... mbona nyuma hakuna mtu?

Hapo kale, katika nchi ya majabali, ambako alizeti huota mpaka kwenye nyufa za mawe, alikuwako mama mmoja akiitwa Bi Twiga. Bi Twiga alijenga kiwanda cha mafuta. Kiwanda kilikuwa na ua wa kuanikia alizeti, kilikuwa na nyungo za kupepetea, kilikuwa na mapipa ya kuchujia, na katikati ya ua kulikuwa na kinu kikubwa cha kukamulia. Kinu hicho kilikuwa na mti mrefu ubavuni. Mfanyakazi anausukuma ule mti, anazunguka nao, kinu kinalia kwiii-gudu, kwiii-gudu, na mafuta yanadondoka to, to, to.

Bi Twiga alikuwa mama wa haki, ila alikuwa na shida mbili. Ya kwanza, macho yake yalikuwa juu. Aliona mvua ikiwa bado siku tatu, lakini kilichokuwa miguuni pake hakukiona. Ya pili, neno lake lilikuwa na safari ndefu. Lilitoka kifuani, likapanda shingo, likapanda, likapanda, na likishafika mdomoni halikuwa na nguvu ya kurudi. Alilosema limesemwa.

Siku moja akatangaza: "Nataka wafanyakazi wa kiwandani. Atakayefanya kazi wiki nzima, Jumamosi atapata dumu la mafuta na gunia la mashudu."

Mashudu mnayajua? Ni yale yanayobaki mbegu ikishakamuliwa. Yananukia, yanashibisha, na ukimpa mtoto anaacha kulia.

Habari zikamfikia Pimbi.

Pimbi alikuwa mdogo kama paka aliyekosa mkia. Alikaa pangoni kwenye majabali. Mume wake alichukuliwa na tai, akamwachia watoto watatu, na mwaka ule jua lilikuwa limekula majani mpaka mizizi. Watoto walikuwa wanalala na maji tumboni. Pimbi aliposikia mashudu, alijifunga kibwebwe, akawaambia wanawe, "Kaeni ndani, msitoke jabalini. Mama anakwenda kutafuta kazi."

Sasa Pimbi alikuwa na jirani. Jirani yake ni Ngiri.

Ngiri alikuwa na nguvu. Ngiri alikuwa na pembe mbili za mdomoni. Ngiri alikuwa na shamba la viazi, alikuwa na shamba la karanga, alikuwa na dimbwi lake la matope ambalo halikukauka hata kiangazi. Hakupungukiwa na kitu. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja. Akimwona mwenzake ana kitu, moyo wake unalia chwaaa! kama tone la maji lililoangukia mafuta ya moto. Na mdomo wake unasema, "Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi?"

Kobe akipata kivuli, chwaaa! Kwa nini yeye?

Njiwa akipata punje moja, chwaaa! Kwa nini si mimi?

Msicheke. Mimi mwenyewe jirani yangu akinunua ndoo mpya, maji yangu yote naona yana tope.

Basi asubuhi ile Ngiri alikuwa amelala dimbwini, akamwona Pimbi anapita na kibwebwe.

"We Pimbi, unakwenda wapi?"

"Nakwenda kwa Bi Twiga, kaka Ngiri. Anaajiri."

"Wewe uajiriwe?"

"Nikijaliwa."

Chwaaa! Ngiri akatoka matopeni. Kazi hakuihitaji. Mashudu hakuyahitaji. Lakini Pimbi aajiriwe? Pimbi asiye hata na mkia? "Kwa nini yeye?" akasema. "Kwa nini si mimi?" Akakimbia, mkia wima, gudu-gudu-gudu.

Kule kiwandani foleni ilikuwa ndefu. Pimbi akapanga foleni. Ngiri hakupanga foleni. Aliingiza pua hapa, akaingiza bega pale, wenzake wakaanguka huku na huku, na mara akawa mbele, bega kwa bega na Pimbi. Wakati huo Bi Twiga alikuwa ameshaajiri wengi. Kanga ameshaajiriwa kusimamia nyungo. Punda ameshaajiriwa kubeba magunia. Ilibaki nafasi moja tu.

"Shikamoo, mama," akasema Pimbi.

"Marahaba. Unajua kazi gani?"

"Najua kupepeta, mama, na kuchagua mawe kwenye mbegu. Mawe nayajua, nimezaliwa nayo."

"Na wewe?"

"Anachojua huyu," akasema Ngiri, "mimi najua zaidi."

Bi Twiga akafikiri. Neno likapanda, likapanda, likafika. "Nitawajaribu siku tatu. Ngiri asukume kinu, Pimbi ashike ungo. Jumamosi nitachukua mmoja, na mwingine atakwenda nyumbani."

Siku ya kwanza, Alhamisi, kazi ikaanza. Ngiri akasukuma kinu. Kwiii-gudu, kwiii-gudu! Na kweli, mwenye nguvu ana nguvu. Mafuta yalitoka kama yanafukuzwa.

Pimbi naye akashika ungo. Pe-pe-ta, pe-pe-ta! Makapi yanaruka, mbegu zinabaki. Na kwa kuwa alikuwa amepata kazi, hata kama ni ya siku tatu, furaha ikampanda, akaanza kuimba:

*Makapi nendeni,*
*mbegu bakieni,*
*watoto wa Pimbi*
*leo shibeni!*

Ngiri akasikia. Akasimama. Kinu kikanyamaza.

"Anaimba nini?" akajiuliza. "Mimi ninatoka jasho, yeye anaimba. Huo ungo una nini?"

Chwaaa! Akaacha mti, akamwendea.

"Lete ungo."

"Kaka Ngiri, mama amenipa mimi."

"Lete nimesema!" Akamsukuma kwa bega, Pimbi akabingirika hadi ukutani.

Ngiri akashika ungo. Akapepeta mara moja, akapepeta mara mbili. Makapi yakamwingia puani. Na pua ya Ngiri mnaijua ilivyo. Aaa... aaa... CHAFYAAA! Makapi yakaruka, mbegu zikaruka, ungo ukaruka. Ua mzima ukawa mbegu na mavumbi. Ngiri akatazama huku, akatazama huku. Akarudi kwenye kinu taratibu kama hakutoka.

Bi Twiga akaja. Safari hii hata yeye aliona, maana alihisi mbegu zinateleza chini ya kwato zake.

"Nani alikuwa kwenye ungo?"

"Pimbi," akasema Ngiri.

Pimbi akafungua mdomo. Ngiri akamwonyesha pembe. Pimbi akamtazama Kanga, maana Kanga aliona yote. Kanga naye akainamisha kichwa, akajifanya anadonoa punje.

"Pimbi," akasema Bi Twiga, "kosa hili ni moja. Sitaki la pili."

Jioni Pimbi akarudi jabalini. Watoto wakamuuliza, "Mama, umeleta?" Akasema, "Bado." Akapika viazi viwili alivyoviokota njiani, akawapa kimoja, akaweka kingine kwa ajili ya kesho, halafu akakaa mlangoni mwa pango.

Nami sitawaficha: Pimbi naye aliona wivu. Aliuonea wivu mgongo mpana wa Ngiri. Alizionea wivu zile pembe. Alisema moyoni, "Ningekuwa nazo mimi, nani angenisukuma ukutani?" Wivu ukamkaa tumboni kama jiwe mpaka watoto wakalala.

Siku ya pili, Ijumaa, Ngiri akasukuma kinu na Pimbi akapepeta kimya. Hakuimba. Adhuhuri wakapumzika kula. Ngiri akafungua kikapu chake: viazi vitamu kumi na viwili, karanga za kuchemsha, mizizi, na mashudu aliyochota bila kuomba. Pimbi akafungua jani lake. Mlikuwa na kile kiazi kimoja, baridi, na ncha yake imeungua.

Pimbi alikuwa na njaa. Akauma kidogo, akafumba macho ili kisiishe upesi.

Ngiri akamwona amefumba macho.

"Hicho ni nini?"

"Kiazi, kaka."

"Kiazi gani?"

"Kiazi tu. Si kitu."

"Kama si kitu, mbona umefumba macho?" Chwaaa! Ngiri mwenye viazi kumi na viwili akanyoosha mkono akakinyakua kile kimoja. Hamu! Akakimeza. Akatazama kikapu chake kama kimemkosea.

Pimbi akabaki na jani. Machozi yakamlengalenga. Lakini machozi hayakushuka, maana kabla hayajashuka alipata wazo. Akasema moyoni, "Ana kumi na viwili, na alikitaka changu. Si njaa hii. Wivu wangu mimi umekaa tu tumboni. Wa kwake una miguu, unamtembeza. Ngoja nione unaweza kumfikisha wapi."

Akaokota jiwe dogo, moja la yale ya kuchaguliwa kwenye mbegu. Akalipangusa. Akalilamba. Akafumba macho. "Mmmh."

"Unalamba nini?"

"Si kitu, kaka Ngiri."

"Lete!"

"Hili liache jamani, niachie hili tu."

"LETE!" Akalinyakua. Akalilamba. "Mbona halina ladha?"

"Ladha yake haiji mara moja," akasema Pimbi. "Mpaka ulizoee."

Ngiri akalamba. Akalamba mpaka muda wa kula ukaisha. Kikapu chake kiko pale pale, nzi wanakisherehekea, na yeye analamba jiwe na kumtazama Pimbi kwa jicho la pembeni, asije akampokonya.

Kanga akamsogelea Pimbi, akanong'ona, "Shoga, unafanya nini?"

"Najifunza kazi," akasema Pimbi.

Siku ya tatu, Jumamosi, wafanyakazi wote wakasimama uani. Bi Twiga akatoka na ovaroli mpya mkononi. Ilikuwa ya bluu, ina mifuko minne. Neno likapanda, likapanda, kila mtu ameshika pumzi.

"Ngiri ana nguvu. Namchukua Ngiri. Pimbi alimwaga mbegu zangu. Pimbi, nenda nyumbani."

Hapo Pimbi aliwaona moyoni watoto wake watatu mlangoni mwa pango. Aliona midomo yao inauliza. Lakini akavuta pumzi mpaka ndani kabisa, na badala ya kulia akapiga vigelegele.

"Arirririririii! Asante, mama! Asante sana! Mungu akuzidishie!"

Watu wakatazamana.

Pimbi akamkumbatia Kanga. Akamkumbatia Punda mguuni. Akafunga jani lake tupu kama mtu anayefunga dhahabu, akalikumbatia kifuani, akaelekea langoni kwa mwendo wa madaha, anatazama nyuma, anacheka, anajiziba mdomo.

Ngiri alikuwa ameshapewa ovaroli, anaivaa. Mguu mmoja umeingia, wa pili unatafuta njia. Akasimama hivyo hivyo.

"Pimbi! Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, kaka. Si nimefukuzwa?"

"Mbona unacheka?"

"Si kitu."

"Kuna nini huko nyumbani?"

"Kaa na kazi yako, jirani. Umepata, shukuru. Mambo mengine tuachie sisi tuliofukuzwa."

"Mambo gani?"

"Si nimekwambia si kitu?"

CHWAAAA! Hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Ngiri akakimbia, ovaroli inaburutika, akasimama mbele ya Bi Twiga.

"Mama! Mimi nimekukosea nini mpaka usinifukuze?"

Bi Twiga akashangaa. "Mimi nimekuajiri, Ngiri."

"Ndiyo! Na huyu umemfukuza! Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi? Mimi ni mkubwa, mimi nina pembe, na anayefukuzwa ni kale kapimbi kasiko na mkia?"

"Amefukuzwa kwa sababu ya mbegu."

"Mbegu nilimwaga mimi!"

Ua mzima ukageuka kumtazama.

"Nilimwaga mimi!" akapiga kelele. "Nilimpokonya ungo, nikapiga chafya, nikasema ni yeye. Muulize Kanga!"

Shingo ya Bi Twiga ikashuka. Ikashuka, ikashuka, mpaka macho yake yakawa usawa wa Kanga. Alikuwa hajawahi kumwona mtu karibu hivyo, na shingo ikiwa chini, neno nalo likapata njia ya kurudi.

"Ni kweli, Kanga?"

"Ni kweli, mama," akasema Kanga. "Niliona. Niliogopa kusema, nisamehe."

"Kwa hiyo, Ngiri, ulinidanganya."

"Nilikudanganya sana, mama," akasema Ngiri kwa majivuno. "Na mashudu yako nilichota. Siku zote tatu."

"Basi wewe ndiye umefukuzwa."

"Peke yangu?"

"Peke yako."

"Na Pimbi asifukuzwe hata kidogo?"

"Asifukuzwe hata kidogo. Pimbi ndiye mfanyakazi wangu."

Ngiri akaruka kwa furaha. Akaivua ovaroli, akamtupia Pimbi usoni. "Vaa hiyo! Umeona? Umekosa! Ulitaka ule peke yako!" Akalinyakua na lile jani tupu.

Pimbi akajitupa chini, akapiga makofi mapajani. "Jamani! Kaka Ngiri, usinifanyie hivyo! Nimebaki na kazi mimi, nimebaki na kazi!"

"Baki nayo!" akasema Ngiri, na huyoo, mkia wima, gudu-gudu-gudu, amekwenda kufaidi kufukuzwa kwake.

Bi Twiga akamtazama Pimbi aliyelala mavumbini. "Wewe unalia au unacheka?"

"Vyote, mama," akasema Pimbi, na hapo alisema kweli.

Jioni ile Pimbi alirudi na gunia alilopewa na Bi Twiga, na watoto watatu walikula mashudu mpaka wakalala wameyashika. Mama yao alikaa akiwatazama, hana jiwe tumboni.

Ngiri naye alifungua jani, akakuta jani. Akaenda kwenye pango la Pimbi, Jumapili nzima akanusa, akachimba, akapindua mawe. Akakuta mjusi. Akamuuliza mjusi, "Waliofukuzwa wanapewa nini?" Mjusi akamtazama tu.

Jumatatu Bi Twiga akamwita Pimbi. "Nimekuwa na haraka," akasema. "Nimekuajiri wewe, na kinu bado kinataka mtu wa kusukuma. Utaweza?"

"Niachie mimi, mama," akasema Pimbi.

Akaenda kwenye mti wa kinu. Akasukuma kwa mikono miwili. Haukutikisika. Akasukuma kwa mgongo. Haukutikisika. Akatupa jicho kwenye ua wa miiba unaozunguka kiwanda. Kati ya miiba aliona pua, na juu ya pua macho mawili mekundu.

Pimbi akageuka. Akauegemea mti kwa bega moja. Akafumba macho. "Aaaah," akasema. "Jamani, aaaah."

"Huo mti una nini?" ikauliza miiba.

"Nani? Kaka Ngiri? Ah, hauna kitu."

Krrrash! Ua wa miiba ukapasuka. Ngiri akaingia, akamsukuma Pimbi pembeni, akaukamata mti kwa nguvu zake zote. Kwiii-gudu! Kwiii-gudu! Mafuta: to, to, to, to! Akasukuma mpaka jioni, anamtazama Pimbi kwa jicho la pembeni, asije akarudi. Pimbi akakaa kivulini na Kanga, wanachagua mawe na kupiga soga. Kesho yake Ngiri akawahi kabla ya lango kufunguliwa. Keshokutwa akawahi zaidi.

Na kila Jumamosi Pimbi anapokea dumu la mafuta na gunia la mashudu. Bi Twiga, macho yake yako juu kwenye mawingu ya mbali, anasikia kinu kinavyonguruma, anawaambia wageni wake, "Msimdharau Pimbi wangu. Mdogo vile, ana nguvu za ajabu."

Haya. Nanyi mmekaa mnataka funzo. Funzo ni hili: wivu ni ugonjwa mbaya, na tangu dunia iumbwe haujamfaidisha mtu hata mmoja. Na kazi, wanangu, hupatikana kwa nguvu na kusema kweli tu. Msiende kumuuliza Pimbi, Pimbi ana shughuli nyingi.

Hadithi yangu imekauka dumuni. Ikiwakolea, pakaneni. Ikiwachachia, nirudishieni mwenyewe, nitakaangia maandazi.